Bibi, Jirani na Haipaboli

Mwaka niliokuwa kidato cha nne nilikaa kwa bibi yangu mzaa mama, nyumbani kwake Malindi mjini. Mtihani wa majaribio ulipokaribia, mwalimu wetu wa Kiingereza alituonya kwamba asiyejua istilahi za fasihi na za uandishi wa insha asijisumbue kuishika kalamu. Akatupa istilahi zote na maana zake, kwa Kiingereza kigumu kama mkate wa juzi.

Bibi hakujua Kiingereza, lakini hakuniacha nisome peke yangu. Aliamini mtoto akisoma kimya huwa anasinzia. Basi kila siku baada ya alasiri alikaa uani juu ya mbuzi akikuna nazi, nami nikisoma neno, nikimweleza kwa Kiswahili, kisha nikitoa mfano wa mtu tunayemjua sote wawili. Bila mtu, alisema, hapo hujaelewa, umekariri tu.

Kwa neno kinaya, yaani jambo kuwa kinyume cha linavyotarajiwa, tulimtumia mjomba wangu, fundi wa mifereji, ambaye mfereji wa kwake ulikuwa ukivuja tangu Ramadhani. Tukafika kwenye haipaboli. Nikamweleza kwamba ni kulikuza jambo kupita kiasi ili msikilizaji alihisi.

Bibi hakufikiri hata kidogo. "Huyo ni jirani," akasema.

Jirani yetu alikuwa akikaanga viazi karai, vile vya kupakwa unga wa dengu, upande wa pili wa ukuta, na ukuta wenyewe ulikuwa mfupi. Bibi akaanza kumtolea mifano. Mvua ilipomwingilia ndani, alisema bahari imehamia jikoni kwake. Alipoumwa na jino, alisema madaktari wa mpaka Kilifi walikimbia. Bibi alikuwa anaingia kwenye mfano wa tatu nilipogundua kwamba mafuta hayasikiki tena yakitokota kule ng'ambo.

Hodi ikapigwa. Jirani akaingia na unga wa dengu umemganda viganjani. Nikamwamkia, akaitikia. Akamjulia hali bibi, akauliza habari za mjomba na za wanawe mmoja mmoja, bila haraka. Alipomaliza, akanigeukia mimi akataka kujua haipaboli ni kitu gani, kwa kuwa ameitwa hivyo naye yumo uani kwake, hana ugomvi na mtu.

Bibi akainamia nazi yake kana kwamba hakuzaliwa na masikio. Nikajitetea peke yangu. Nikasema si uongo, ni ufundi wa lugha, na waandishi wakubwa huutafuta kwa taabu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi sijatia chumvi neno tangu nizaliwe. Waulize Malindi nzima. Waulize hata samaki."

Bibi alijiziba mdomo kwa leso, mabega yakawa yanamtikisika. Jirani akamtazama, akanitazama mimi, halafu maneno yake mwenyewe yakamfikia. Alicheka hata akaomba kiti.

Lakini hakuondoka mikono mitupu. Aliniuliza kuna maneno gani mengine, nikamsomea. Nilipofika kwenye kinaya akanisimamisha, akasema hilo ni la bibi, ambaye hukataza watu kusengenya, kisha huwaita wasogee karibu awaeleze nani ameanza. Safari hii bibi alicheka kidogo tu.

Tangu siku hiyo jirani alikuwa akija akishamaliza kukaanga, na sahani ya viazi mkononi. Tulipoingia kwenye insha, alikuwa mkali kuliko mwalimu. Nilimsomea utangulizi wangu kuhusu simu shuleni, kwamba zina faida na pia zina hasara. Akaniambia hapo nimesalimia tu, sasa niseme kilichonileta. Bibi naye alishikilia kwamba hitimisho lisilokuwa na dua halijafunga kitu. Walibishana mpaka maghribi ikaadhiniwa, na insha yenyewe nikaiandika upya kesho yake, ikiwa na msimamo mwanzoni na dua mwishoni.

Matokeo yalipotoka, mwalimu alimwita mzazi wangu. Walikuja bibi na jirani wote wawili, wamejifunga leso mpya. Mwalimu akawaambia nimefanya vizuri sana, ila angependa kujua kama mtaani kwetu kuna mtu yeyote wa kawaida, maana mifano yangu imemtia hofu. Aliuliza pia ni nani anayenifundisha nyumbani.

"Mimi," wakajibu kwa pamoja.

Wakati wa kurudi, walinikalisha katikati kwenye tuktuk. Jirani akasema kama si yeye ningeandika salamu ukurasa mzima. Bibi akasema kama si yeye nisingekuwa na mtu wa kuandika habari zake. Nikawaambia wamenifundisha wote wawili. Wakanikatiza, wakaniambia mtoto haingilii mazungumzo ya wakubwa.