Siku Niliyoitwa Buji

Mwaka 2015 nilikuwa nafunga makatoni katika ghala moja la Louisville. Jirani yangu wa meza alikuwa mama Mmarekani mweusi ambaye akicheka, mabega yote mawili yanacheka. Kiingereza changu wakati ule kilitosha kusalimu na kuuliza choo kiko wapi. Mengine tuliyamaliza kwa mikono.

Saa ya kula, wenzangu walikula wakiwa na simu mkononi. Mimi nilitandika kitambaa cha maua, nikapanga sahani, nikamimina chai kwenye kikombe chenye kisahani chake. Mama yangu alitulea hivyo Bukavu: hata maharagwe yana heshima yake. Jirani akanitazama, akapiga meza kofi.

"Ee mama, wewe ni buji kweli kweli!"

Meza nzima ikacheka. Nami nikacheka, maana kwetu buji ni mshumaa. Umeme ukikatika, na Bukavu unakatika, unasikia kila nyumba: "Leteni buji!" Nikajiambia, huyu mama ameona mimi ni mwanga. Jioni nikamsimulia mume wangu. Akafikiri kidogo.

"Bon, labda ni juu ya vile uko mwembamba kama buji."

Sijawa mwembamba tangu mtoto wa tatu.

Wema hulipwa kwa wema. Jumamosi nikanunua mshumaa mzuri, wa kwenye chupa, wenye harufu ya mawaridi, na Jumatatu nikampa jirani yangu. "Buji," nikamwambia, nikimnyooshea kidole kwa upendo. Akaunusa mshumaa. Kisha akageuza shingo polepole, akanusa kwapa lake. Akakunja uso. Tulifunga makatoni hadi saa ya kutoka, yeye amenipa mgongo.

Nyumbani nikamweleza binti yangu wa miaka kumi na tano. Alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, kisha akaanza kueleza kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Nikamwambia arudie kwa lugha ya mama yake.

"Maman, haiko buji ya kuwasha. Inatoka kwa *bourgeoise*."

Bourgeoise! Hao nawajua. Walikuja kwenye meza ya mama sokoni na mtu wa kuwabebea kikapu, wakaminya avoka kwa ncha ya kidole, wakaenda zao bila kununua. Mama aliwaita "bourgeoises" kwa sauti ya chini, na "karibu, madame" kwa sauti ya juu. Mabwanyenye wenye friji na mlinzi getini. Leo neno lile limevuka bahari, limekatwa mkia, limenikuta mimi nimeshika gundi ya makatoni.

"Sasa ni tusi?" nikauliza.

"Inategemea, maman. Wanaambia mwanamke mwenye kujifanya wa juu. Rafiki akisema, ni mchezo. Mtu asiyekupenda akisema, anakuchoma. Uangalie mdomo yake."

Akaniandikia barua fupi ya Kiingereza, ya kueleza kwamba kwetu buji ni mshumaa. Kesho yake jirani yangu aliisoma mara mbili, mabega yakaanza kutikisika, mpaka msimamizi akaja kuona kuna nini.

"Na mimi jana nimeoga mara mbili!" akasema, akanikumbatia. Tangu siku hiyo alikuja na kikombe chake, nami nikawa namimina chai ya watu wawili.

Kosa langu lilikuwa kumpigia simu yaya, dada yangu mkubwa wa Columbus, nimsimulie. Yeye ndiye mwenye nyumba Westerville, pembezoni mwa mji huo, na viti vya sebuleni ambavyo hakuna aliyewahi kuvikalia.

"Weye? Bourgeoise? Donc miye niko nani?"

Alinuna siku tatu. Siku ya nne alimpigia tantine, dada mdogo wa mama yetu, aliyekuwa Kenmore, karibu na Buffalo.

Pasaka tukakutana huko kwa tantine. Mlangoni akanitazama kuanzia viatu. Ndani, meza ilikuwa na kitambaa cheupe, glasi zenye miguu, na uma na kisu kwa kila mtu. Na katikati: bugali, ugali wetu wa Bukavu, na sombe ya majani ya muhogo.

"Niliambiwa bourgeoise anakuja," akasema tantine kwa sauti ya kanisani. "Mukae, mukule."

Tukakaa wima. Kila mmoja alichoma bugali kwa uma kama anayejaribu kama maji ni ya moto. Sombe ikamdondokea mume wangu kwenye tai. Hakuna aliyethubutu kucheka. Mwishowe nikashindwa.

"Tantine, samahani. Naomba maji ya kunawa mikono."

"Asante Yesu!" akapiga kelele, akakimbilia jikoni kuleta beseni.

Tulinawa wote, tukala kama watu. Wote isipokuwa yaya. Yeye alishika uma wake mpaka tonge la mwisho, akajipangusa pembe za mdomo, akasema sisi wengine tumepotezwa na Amerika.