Boliti Iliyovunjika Jumamosi

Sogea karibu unisikilize, wewe unayejifunza ufundi wa magari, na hata wewe ambaye kazi yako ni kuendesha tu. Nataka kukueleza jinsi tulivyofungua boliti iliyoganda, siku zile ambazo hakukuwa na mikebe ya dawa ya kupuliza kama mliyo nayo leo. Nilifundishwa, na aliyenifundisha namshukuru mpaka sasa.

Niliripoti katika karakana ya Homa Bay miaka michache baada ya uhuru, nikiwa na ovaroli mpya aliyonishonea mjomba wangu wa Oyugis na cheti cha shule ya ufundi. Fundi Mkuu alikuwa mzee Msabato, na sote tulimwita Jaduong' kwa heshima ya umri wake. Cheti hakukitazama. Alinipeleka kwenye fremu ya lori kuukuu iliyoliwa na kutu, akanionyesha boliti moja kwa kidole. Nikachukua spana.

"Weka chini," akasema. "Nani amekuambia ufungue?"

"Sasa nifanye nini, Jaduong'?"

"Isalimie kwanza. Wewe ukifika boma ya watu, unaanza kwa kusukuma mlango?"

Kuisalimia boliti kulikuwa hivi. Unaisugua kwa brashi ya waya mpaka uone hesi, yaani ile mikato ya mzunguko ambayo nati hupandia. Unaidondoshea dizeli iliyochanganywa na mafuta ya injini. Halafu unaigonga kichwani kwa nyundo ndogo, polepole, kama anayebisha hodi. Mshtuko hupasua kutu, na kutu ikipasuka mafuta hupata njia ya kuingia. Siku hiyo nzima niligonga na kupaka. Sikufungua kitu.

Jaduong' alikuwa na desturi nyingine. Kila Ijumaa, kabla jua halijatua, alizunguka karakana na kopo lake, akadondoshea mafuta kila boliti iliyokuwa imetushinda wiki hiyo. Kisha akaenda nyumbani kujitayarisha kwa Sabato. Sisi Wakatoliki Jumamosi tulikuja kazini, lakini boliti zile hakuna aliyethubutu kuzigusa mpaka yeye arudi.

"Omera, ndugu yangu," fundi wa matairi aliniambia, "hapa hata chuma kimebatizwa."

Tukacheka. Mimi nilidhani hayo ni mambo ya dini ya mzee, hayahusu ufundi. Hapo ndipo nilipokosea.

Mwaka wa pili nilihamishiwa Migori, chini ya Msimamizi wa Magari, mtu mwema lakini mwenye haraka, aliyetembea na saa yake mkononi kama askari na rungu. Alasiri ya Ijumaa moja ikaletwa Land Rover ya idara ya afya. Pampu ya maji, ile inayozungusha maji ili injini isichemke, ilikuwa inavuja vibaya. Pampu mpya ilikuwepo stoo. Pamoja na gari alikuja Nesi Boke, mwenyeji wa Ntimaru, ambaye Jumatatu alfajiri alitakiwa kupeleka chanjo ya ndui huko kwao. Machifu walikwishatangaza. Akina mama wangetembea na watoto mgongoni kutoka vilima vyote vya kule, na gari lingine halikuwepo.

Jumamosi asubuhi boliti zote za pampu zilitoka isipokuwa moja. Sikuwa nimeipaka mafuta jana yake. Msimamizi akaja, akatazama saa.

"Bado?"

"Imeganda, Bwana."

"Wewe ni kijana mwenye nguvu. Maliza leo."

Nikachomeka bomba refu kwenye spana ili nipate nguvu zaidi, nikavuta. Ikaanza kuzunguka, laini, bila ubishi. Fundi yeyote atakuambia ulaini huo ni habari mbaya: boliti inayofunguka hulia, ile inayokatika hunyamaza. Kichwa kikabaki ndani ya spana. Mwili ukabaki ndani ya injini kama kisiki cha mti.

Nesi Boke alikuwa amesimama pembeni na sanduku lake la sindano.

"Fundi, hiyo umefungua ama umevunja?"

"Nimevunja, Sista."

"Wale wamama mimi ndiye niliwaahidi. Mara ya kwanza walikuja, gari halikufika. Nikiwakosa tena, hawatakuja mara ya tatu. Na mimi sitawalaumu."

Afadhali angenitukana. Msimamizi alitaka nitoboe kisiki hapo hapo kwa keekee. Lakini keekee ikiteleza inaharibu hesi za injini yenyewe. Hapo gari lingelala Migori mwezi mzima. Nikamkumbuka Jaduong', ambaye saa hiyo alikuwa kanisani Homa Bay, hana habari nami. Nikavuta pampu ikatoka, na kisiki kikabaki kimechomoza kama nusu ya kidole. Nikakisugua, nikakipaka mafuta, nikakigonga. Kisha nikafanya jambo gumu kuliko yote niliyowahi kufanya kazini: nikanawa mikono.

"Unaenda wapi?" Msimamizi akauliza.

"Naiacha mpaka kesho, Bwana. Mafuta yanafanya kazi."

"Mafuta yanafanya kazi na wewe umekaa?"

"Mwache," Nesi Boke akasema. "Hata dawa ya kidonda huwezi kuikimbiza. Lakini fundi, kesho nitakuwa hapa kabla yako."

Kila baada ya saa moja nilirudi kuongeza tone, nikaondoka tena. Jumapili nilitoka Misa moja kwa moja hadi karakana, na kweli nilimkuta Nesi ameketi juu ya tairi. Kwa tupa nilikata pande mbili bapa kwenye kisiki, ili spana ndogo ipate mahali pa kushika. Nikaondoa mrija wa petroli na kuupeleka mbali, kwa sababu ilinibidi nitumie moto. Nilipasha chuma kilichozunguka kisiki kwa taa ya kuchomea, nikazima, kisha nikagusisha mshumaa. Nta ikayeyuka, ikafyonzwa ndani ya hesi, mahali ambapo hata mafuta hayakuwa yamefika. Jaduong' ndiye aliyenionyesha hilo pia.

Nikaweka spana. Sikufungua, kwanza nilikaza, unywele mmoja tu, ili kutu iachie. Halafu nikarudisha.

Ikalia.

"Ni nini hiyo?" Nesi akashtuka.

"Ni habari njema, Sista."

Robo mzunguko nje, nusu ya hiyo kurudi ndani, mafuta, tena. *Mos mos*, kama tunavyosema kwetu, polepole. Kisiki kilipoangukia kiganjani mwangu bado kilikuwa cha moto, na sikukiachilia.

Jumatatu alfajiri Land Rover ilielekea Ntimaru. Jioni ilirudi na sanduku tupu, na juu ya kiti changu Nesi Boke akaacha mkungu wa ndizi, zawadi ya wale akina mama.

Niliporudi Homa Bay nilimwonyesha Jaduong' kile kisiki, nikamweleza yote, pamoja na kosa langu. Alikigeuzageuza.

"Kwa hiyo uliipumzisha Jumamosi."

"Ndiyo, Jaduong'."

"Na wewe ni Mkatoliki."

"Ndiyo."

"Basi kuna matumaini," akasema, akarudi chini ya lori lake.

Nilifanya kazi hiyo miaka mingi, chini ya wakubwa wengi, mpaka nikastaafu. Nimewasahau walioniamuru kuharakisha. Yule aliyenifundisha kungoja namkumbuka kila ninapokiona kile kisiki dirishani kwangu. Nawe basi, boliti ikikukataa leo, isugue, ipake mafuta, igonge kidogo, uweke spana chini, kisha urudi kesho uanze kwa kuikaza.