Rafadha Ukutani kwa Mama Pasi

Mama Pasi alipandwa na hasira hata kabla mgeni hajaketi. Mgeni alitoka makumbusho, amekuja kuangalia rafadha, lile panga la mbao linalozungushwa na injini ya ndege za zamani zilizokuwa zikitua majini katika safari zao ndefu. Ilitundikwa juu ya kochi, ndefu kuliko mtu mzima, inang'aa kwa vanishi. Miaka yote hiyo aliyekuwa akiifuta vumbi ni yeye, huku akiisonya.

"Baba aliruka nayo," mwanawe mkubwa alieleza, kifua mbele. "Alikuwa msaidizi wa rubani."

Rubani gani! Mumewe alikuwa mpiga makasia. Kazi yake ilikuwa kufikisha mafuta kwenye ndege na kuishika kwa kamba isichukuliwe na maji. Siku moja rubani alimwita asogee kabla injini haijazimwa. Rafadha ikamkata mkono wa kulia, nayo ikapasuka ncha. Wenye ndege wakafunga mpya, ile mbovu wakampa yeye, eti kumbukumbu. Mtu kapoteza mkono, pole yake ubao!

Watoto wa mtaani walipowacheka wanawe kwa ajili ya baba mwenye mkono mmoja, ndipo mumewe akabuni hadithi ya kuruka. Mkono wa kupigia kasia hakuwa nao tena, lakini mdomo alikuwa nao. Mama Pasi akameza machungu, akanyamaza. Wanawe wote watano walikula kwa pasi ya mkaa, yeye akinyoosha nguo za watu mpaka vidole vikababuka. Pasi hiyo hakuna aliyeitundika popote.

"Hakuruka hata kimo cha kuku," alisema sasa. "Hiyo ndiyo iliyomkata mkono. Andika hivyo."

Mgeni aliinua kalamu, akamtazama mwana.

"Msamehe," mwana akacheka kidogo. "Mama umri umekwenda. Anachanganya mambo."

Damu ilimpanda Mama Pasi kichwani. Aliinuka, akamsimamia mwanawe pale kwenye kochi.

"Nachanganya? Mkono wa baba yako niliufunga kwenye nepi yako, nikauzika peke yangu nyuma ya nyumba, wewe unalia mgongoni. Haya, inuka nikuonyeshe nilipochimba."

Mwanawe hakuinuka.