Kadi za Mheshimiwa

Mheshimiwa wetu alipelekwa kusoma ng'ambo akiwa na miaka tisa, akarudi na shahada ya udaktari na ndevu zenye mvi. Kiswahili alikiacha utotoni. Alijua kusalimia, kushukuru na kuomba kura. Mengine yote alifanyiwa na shangazi yangu, katibu muhtasi wake.

Siku za kusikiliza wananchi, shangazi aliketi nyuma ya bega lake na daftari jeusi. Aliandika kila neno, kisha akayafupisha yote kwa lugha ya Mheshimiwa kwenye kadi ndogo, mistari mitatu tu, akaisukuma mezani. Mwanzoni aliwahi kuandika neno "njaa". Mheshimiwa akaitupa kadi. Alikosoma yeye, alisema, watu huleta mapendekezo, si vilio.

Tangu hapo shangazi akawa fundi wa kulainisha. "Tumechoka kudanganywa" ikawa "wananchi wangependa mawasiliano bora". Hata nyumbani alitufanyia mchezo huo. Mama akifoka kwa sababu ya sufuria iliyoungua, shangazi husema kwa sauti ya ofisini, "Wifi anapendekeza moto upunguzwe." Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Kisha akaja mwashi mmoja, saruji imemkaukia vidoleni.

"Mheshimiwa, mimi sijui kuremba. Ule ukuta wa darasa la tatu ukiuegemea unacheza. Utaua watoto. Binti yangu anakaa pale pale dirishani."

"Anasema nini?" Mheshimiwa aliuliza kwa lugha yake ya shule.

Shangazi akasukuma kadi: mzazi anapendekeza darasa likarabatiwe, hali ikiruhusu.

"Asante sana," Mheshimiwa akamwambia mwashi kwa Kiswahili, akitabasamu.

"Afadhali umenielewa, mkubwa wangu," mwashi akasema, akaenda zake.

Ukuta ulianguka wiki ya pili ya mvua, saa nne asubuhi, katikati ya kipindi cha hesabu. Walikufa watoto watano. Binti wa mwashi, mmoja wao, alitolewa akiwa bado ameshika rula.

Siku ya kikao cha tume ya uchunguzi, shangazi alipiga pasi gauni lile lile mara mbili. Daftari jeusi lilikuwa juu ya meza ya jikoni.

"Lichome, wifi," mama alimwambia. "Nani anajua kama lipo? Ukilipeleka, kazi huna, na wale wazazi watakutafuna wewe, si yeye."

Shangazi alilitia mkobani. Nilimfuata, nikakaa benchi la nyuma.

Mheshimiwa alijieleza kwa lugha ya ng'ambo, kadi mkononi, na kama kawaida shangazi ndiye aliyesimama kutafsiri. Sauti yake ilikuwa kavu.

"Anasema hakuambiwa kamwe kwamba ukuta ni hatari."

Mwashi aliruka kutoka kitini. "Mwongo huyo! Nilimwambia usoni! Akanijibu asante!"

"Keti, mzee," mwenyekiti alisema.

Shangazi alifungua mkoba, akatoa daftari. Alisoma taratibu, kama mtoto anayejifunza kusoma: ukiuegemea unacheza, utaua watoto, binti yangu anakaa pale pale dirishani. Kisha akalifunga.

"Hayo ndiyo aliyosema baba huyu. Mheshimiwa hakutaka kadi za vilio, nami nikazoea kumpa anachotaka. Kadi ya siku ile niliiandika mimi."

Mheshimiwa alimvuta mkono wa gauni, akamuuliza kwa lugha yake, umesema nini? Shangazi akajinasua.

Mwashi hakumtazama Mheshimiwa tena. Alikuwa akimtazama shangazi, na hasira yote ilikuwa imemtoka usoni, jambo lililonitisha zaidi.

"Kumbe wewe ulinisikia, dada."

"Nilikusikia, kaka."