Mlango wa Roma kule Turffontein

Shati lilikuwa limepigwa pasi mara tatu, na bado Octave Bisimwa aliliona lina mikunjo. Alisimama katikati ya chumba chao kwenye ghorofa ya sita, huko Berea, mjini Johannesburg, amevaa suruali na fulana, soksi mguu mmoja tu, pasi ikifuka mvuke mkononi. Somo lilikuwa saa nne kamili asubuhi. Alikuwa na saa mbili na nusu mbele yake, na viganja vimeshalowa jasho.

"Papa Murielle, acha ile shati, utaitoboa," mkewe Angélique alimwambia. Alikuwa ameketi kitandani akipanga mafungu ya nywele za kusukia kwenye mkoba wake wa kazi. "Ni batoto tu. Ulifundishaka batoto miaka kumi na mbili."

"Bale balikuwa batoto ba Bukavu. Ba huku ni bengine. Na ni kwa Kingereza."

Angélique alifunga zipu ya mkoba. Wiki tatu nzima alikuwa akisikia habari ya Kiingereza hicho, asubuhi na jioni, na alikuwa amechoka nayo.

Afadhali niseme mapema huyu Octave ni nani, maana ukimkuta kazini hutamtazama mara mbili. Ni yule mtu wa sare ya buluu kwenye kibanda cha geti, katika nyumba za kupanga huko Observatory, mlimani. Ana daftari la wageni, kalamu iliyofungwa kwa uzi isiibiwe, na kitufe cha kuinua kizuizi cha magari. Wapangaji humpungia mkono huku macho yakiwa kwenye simu. Kumbe mtu huyo, kabla vita havijamtoa Bukavu, alikuwa mwalimu kwenye koleji ya mapadri, akifundisha Kilatini na historia ya Warumi. Baraza lao la wazee analijua, makonsuli, wale watawala wawili waliochaguliwa kila mwaka, anawajua, na sheria zao zilizoandikwa kwenye mbao kumi na mbili ili mtu mdogo naye azione, anaweza kukutajia moja baada ya nyingine. Alipofika Johannesburg mwaka 2008 hakuna aliyemuuliza habari za Warumi. Waliuliza kama anaweza kusimama kwa saa kumi na mbili.

Alisimama saa kumi na mbili kwa siku, miaka tisa.

Kitabu ndicho kilichomfichua. Alikuwa na nakala ya fotokopi ya kitabu cha sheria za Kirumi, kwa Kifaransa, mgongo umefungwa kwa gundi ya karatasi, na alikisoma kibandani magari yakipungua. Asubuhi moja binti wa nyumba namba tisa, Kgomotso, alisimamisha gari akingoja kizuizi kiinuke, akaona ukurasa. Kgomotso alisoma sheria mwaka wa pili, na somo la sheria za Kirumi lilikuwa limeshamwangusha mara moja. Si ajabu, sheria za nchi hii zina mizizi huko huko Roma, na wanafunzi wake hulazimika kuichimba.

"Eish, baba, unasoma hii? Kwa hiari yako?"

Octave akamweleza, kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, jinsi mtumwa wa Roma alivyoachwa huru na bado akabaki na wajibu wa kumwamkia bwana wake wa zamani. Magari mawili nyuma yakaanza kupiga honi. Tangu siku hiyo wakawa na dakika mbili kila asubuhi. Na mwezi haukwisha, Kgomotso akaja na habari. Bwana Pillay, wakili mstaafu mwenye madarasa ya ziada juu ya duka la vifaa vya ujenzi kule Turffontein, karibu na uwanja wa mbio za farasi, ameachwa na mwalimu wake. Anataka mtu. Atampa Octave somo moja la majaribio, Jumamosi, yeye mwenyewe akiwa ameketi nyuma.

Mshahara haukuwa mkubwa, na ile kazi ya geti angeendelea nayo. Kilichomnyima Octave raha ni jambo jingine. Mwezi uliotangulia bintiye Murielle, mwenye miaka kumi na miwili, alileta fomu ya shule. Penye kazi ya baba alikuwa ameshajaza mwenyewe kwamba ni mlinzi. "Mimi ni mwalimu," Octave akamwambia. Mtoto alikulia hapa. Kiswahili anakielewa ila hujibu kwa Kiingereza, na alimtazama baba yake bila ubaya wowote.

"Mwalimu wa nani?" akauliza.

Ilimuuma. Ilimuuma kuliko njia yote ya kutoka Kivu, na hakuwa na jina hata moja la kumjibu.

Basi ndiyo maana ya pasi mara tatu. Ndiyo maana ya kurasa kumi na moja pia, ambazo alikuwa ameziandika kwa mkono, kila neno limepitishwa kwenye kamusi. Alipanga kuzisoma polepole nao wanafunzi wanakili, kama walivyofanya Bukavu. Kule mwalimu akisema, kalamu zinalia kwenye karatasi. Hakuwaza kabisa kwamba kuna namna nyingine.

Alifika Turffontein mapema mno, akazunguka mtaa mara mbili asionekane amefika mapema. Saa nne kasoro dakika moja akapanda ngazi. Mlango wa darasa ulikuwa wazi. Ndani kulikuwa na vijana kumi na wanne, Kgomotso miongoni mwao safu ya pili, na nyuma kabisa mzee mwembamba mwenye miwani, Bwana Pillay. Octave alivuta pumzi, akanyoosha mgongo, akasimama mlangoni, kurasa zimebanwa kifuani.

Akangoja.

Naomba tusimcheke. Huko alikotoka mwalimu haingii darasani watoto wakiwa wameketi. Husimama mlangoni, viti vyote vikavutwa kwa pamoja, wakasimama wima, naye akaingia hadi mezani, ndipo akawaambia wakae. Kwa miaka kumi na miwili hakuwahi kuvuka mlango kwa namna nyingine. Miguu yake ilikumbuka hivyo hata yeye mwenyewe asipofikiri.

Hakuna aliyesimama. Mmoja alikuwa anakula chipsi. Nusu dakika ikapita, kisha dakika. Octave akahisi kijasho chembamba kikishuka mgongoni, ndani ya lile shati.

Kijana wa safu ya mbele akatoa kifaa cha muziki sikioni. "Baba, umekuja kwa ajili ya kitasa? Si hiki, ni cha chooni."

Wawili watatu wakacheka. Kgomotso akainamisha uso. Bwana Pillay akaashiria kwa mkono, ingia, ingia, na Octave akaingia, akihisi amefika mezani kama mtu aliyekosea nyumba.

Akaanza kusoma. Ukurasa wa kwanza ulieleza Mrumi alivyouza ng'ombe, au mtumwa, au shamba lake. Ilibidi wawepo mashahidi watano, wote raia, na wa sita wa kushika mizani ya shaba, na mnunuzi atamke maneno yale yale yaliyowekwa, asipunguze wala asiongeze. Alisoma polepole kama alivyopanga. Hakuna kalamu iliyosogea. Alipoinua macho, msichana mmoja akauliza kwa upole kama hawezi kuzipiga picha zile kurasa na kuzituma kwenye kundi lao la WhatsApp, wamalize mapema. Na yule wa kitasa akasema, "Sir, samahani, hao watu wamekufa. Mizani yao inatuhusu nini?"

 Kiingereza chote cha wiki tatu kikamtoka Octave. Akatafuta neno, likaja kwa Kifaransa, akatafuta jingine, likaja Kilatini. Bwana Pillay alitazama saa yake. Hapo Octave aliona Jumatatu ikimjia, kibanda, daftari, kalamu ya uzi, na Murielle asiyehitaji kubadilisha neno kwenye fomu. Aliogopa waziwazi.

Akaweka kurasa mezani. Hakujua angefanya nini. Kitu pekee chumbani alichokijua vizuri ni mlango, akarudi kusimama pale pale.

"Nyinyi nyote ndani," akasema, "ni raia wa Roma. Mimi mlangoni ni mgeni. Nimetoka mbali." Akamwonyesha yule wa kitasa. "Wewe umeniuzia punda. Nimefika naye nyumbani, kumbe anachechemea. Ulijua, ukanyamaza. Nakwenda wapi?"

"Mahakamani."

"Ile ni ya raia. Sheria ya raia ni ya raia. Mimi siwezi hata kuwa shahidi wa mizani yako."

"Basi rudi kwenu," mtu akasema kutoka pembeni, na vichwa vyote vikamgeukia, maana neno lile katika mji huu wote walishalisikia likisemwa na watu wenye marungu. Aliyelisema akajikuna shingo.

Octave hakukasirika, au alikasirika akameza. "Sawa, narudi. Na wenzangu wote tunarudi na punda wetu, na mafuta yetu, na ngano. Kesho Mrumi atakula nini?"

Wakaanza kubishana. Mmoja alisema bora wageni wapewe uraia. Mwingine akasema raia hawatakubali hata kidogo. Kgomotso akasema lazima awepo mtu wa kusikiliza kesi zao, la sivyo soko litakufa. "Ndivyo walivyofanya," Octave akasema, na sasa maneno yalikuja mabovu lakini yalikuja. "Walikuwa na hakimu mkuu wa raia. Yapata miaka mia mbili na arobaini kabla ya Kristo wakamweka wa pili, wa kesi za wageni. Maskini huyu hakimu! Hawezi kutumia mizani, hawezi kutumia maneno ya raia. Ana nini mkononi? Anauliza tu, ulikubali kuuza? Yeye alikubali kununua? Ulimtendea kwa nia njema? Basi, inatosha. Na raia wakatazama, wakaona sheria ya wageni ni rahisi kuliko ya kwao. Wakaanza kuitumia wao kwa wao."

Akaegemea fremu ya mlango, akamgeukia yule wa chipsi. "Leo asubuhi umenunua chipsi. Uliita mashahidi watano? Ulileta mizani ya shaba? Ulitaka, akauza, mkakubaliana. Njia hiyo ilipita kwenye meza ya yule hakimu wa wageni."

Yule wa kitasa akautazama mfuko wa chipsi wa jirani yake. Kisha akachukua kalamu. Zikafuata nyingine, na Octave akasikia ule mlio aliokuwa hajausikia kwa miaka tisa. Saa ilipokwisha walikuwa bado wanauliza.

Ungedhani mambo yalikwisha hapo. Bwana Pillay alimngoja chini dukani, akasema somo lilianza vibaya likaisha vizuri, akaomba kuona kibali chake. Octave akatoa karatasi ile ya mwomba hifadhi, inayoongezwa muda kila miezi sita, mikunjo yake imeshaanza kukatika. Ilikuwa imebaki na siku kumi na mbili. Bwana Pillay aliisoma mbele, akaigeuza, akaisoma nyuma, akaikunja kwa uangalifu.

"Nitakupigia," akasema.

Kgomotso alikuwa amesimama kando ya gari lake. "Baba, pale mwanzo, kwa nini ulisimama mlangoni muda wote ule?"

Aliona haya, akamweleza. Bukavu, viti, watoto kusimama, mwalimu kuingia. Kgomotso hakucheka. Alisema tu, "Sharp," kama vijana wa huku wasemavyo sawa, akaondoka.

Jumapili simu haikulia. Octave aliibeba kanisani, akaibeba chooni, akamwomba Angélique ampigie ili ajue kama inaita. Iliita. Alirudia somo zima kichwani, akapata makosa kumi na saba, na kila alipofika penye ile karatasi yenye siku kumi na mbili aliitazama simu tena. Murielle alimuuliza ana nini. "Hakuna," akasema. Usiku alikunja lile shati akaliweka chini kabisa ya sanduku.

Jumatatu saa moja asubuhi alikuwa kibandani, sare ya buluu, daftari wazi, hana hamu hata ya kitabu. Gari la namba tisa likaja. Akasogeza kidole kwenye kitufe, lakini gari lilisimama mbali na kizuizi, injini ikazimwa. Akashuka Kgomotso, na kutoka mlango wa pili yule kijana wa kitasa, ambaye bila shaka alikuwa amekuja kusoma naye. Wakasimama wima kando ya gari, mikono imenyooka. Nyuma yao magari matatu yakaanza kupiga honi, mpangaji mmoja akatoa kichwa dirishani akifoka.

"Bwana Pillay amesema simu yako haipatikani hewani," Kgomotso akasema, bado amenyooka. "Kazi ni yako, unaanza Jumamosi saa nne, Mwalimu. Na anataka mwende pamoja kuongeza muda wa karatasi, atakusemea, si alikuwa wakili."

Octave aliitoa simu mfukoni. Ilikuwa imezimika, kwa kujaribiwa mno usiku kucha.  Alitaka kusema asante, na kilichotoka kilikuwa kile cha miaka kumi na miwili.

"Kaeni," akasema.

Wakaingia garini wakakaa. Octave akafuta macho kwa mkono wa sare, akainua kizuizi, akachukua ile kalamu ya uzi. Juu ya ukurasa wa wageni, mahali pasipostahili, akaandika Kgomotso, kisha akatoa kichwa kibandani kumuuliza yule kijana anaitwa nani, apate majina ya kumjibu Murielle.