Nilimwita Upendo Mwongo Mbele ya Baba Yake

Admin, naomba usiweke jina langu wala la shule, maana hapa Babati tunafahamiana. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na saba, nimepanga chumba Maisaka. Nina diploma ya ualimu lakini sijaajiriwa. Ninajitolea kwenye shule moja ya msingi, nafundisha Kiingereza darasa la pili.

Watoto wangu wengi hata Kiswahili wamekikuta shuleni. Nikiingia na Kiingereza cha ubaoni walikuwa wananitazama tu. Nikamwomba mwalimu mkuu nitumie laptop yangu kuwaonyesha katuni, akasema sawa, jaribu. Nilikuwa nasimamisha picha, nazima sauti, nauliza huyu anafanya nini, yule ana hali gani. Darasa likabadilika kabisa. Kulikuwa na binti mmoja, nitamwita Upendo, wa familia ya wafugaji waliohamia Sigino kutoka upande wa Hanang. Tangu aanze shule alikuwa haongei darasani. Siku moja nilisimamisha picha ya mbuzi mdogo aliyepotea. Upendo akasimama bila kuitwa, akasema, "The goat is crying because she wants her mother." Nilitoka nje kidogo nikafuta machozi.

Katuni iliyofuata ilikuwa na kizee anayegeuza watoto kuwa ndege. Upendo alienda kumsimulia bibi yake kwa furaha, bibi akashtuka. Ndani ya siku mbili maneno yakaenea kwamba shuleni watoto wanafundishwa uchawi, na baba yake akaja na wazazi wengine kuuliza.

Kabla hatujaingia ofisini mwalimu mkuu alinivuta pembeni. Akasema nikikubali, yeye ataulizwa nani aliruhusu, na ruhusa yenyewe haikuandikwa popote. Akanikumbusha pia kwamba barua yangu ya kuombea ajira iko mezani kwake, hajaisaini.

Baba Upendo alinisalimia kwa heshima, akauliza kwa upole kama ni kweli. Upendo alikuwa ubavuni kwake, anatabasamu, anasubiri mwalimu wake aeleze.

Nikasema, "Hapana, Baba Upendo. Sijawahi kuonyesha kitu kama hicho. Mtoto amejitungia."

Akaniambia, "Nisamehe mwalimu. Mtoto wangu amekuvunjia heshima." Aliniomba msamaha mimi. Akamshika binti yake mkono, wakatoka. Kesho yake Upendo alikuja na alama za fimbo miguuni.

Tangu hapo hajanena neno, si Kiingereza si Kiswahili. Wala si yeye peke yake. Darasa zima waliiona ile katuni, kwa hiyo wote wanajua aliyedanganya ni nani. Nikiuliza swali wanainamia madaftari. Laptop siipeleki tena. Nimerudi ubaoni, wanakariri nyuma yangu kama zamani. Barua ilisainiwa, ila ajira zilipotoka jina langu halikuwemo.

Juzi nilikutana na Baba Upendo sokoni. Akanieleza kwamba muhula ukiisha atampeleka binti kwa shangazi yake Hanang akasaidie ng'ombe, maana shule ya mjini imemfundisha uongo. Nilitaka kumwambia pale pale. Badala yake nikamtakia safari njema.

Nikisema ukweli sasa, mwalimu mkuu atanikana na nitafukuzwa, na sidhani kama baba atamwacha mtoto kwa mwalimu aliyemdanganya namna ile. Nikinyamaza, Upendo anaondoka akiwa amebandikwa jina la mwongo, na amelipata kwangu. Hata nikimpigia magoti huyu mtoto, sioni kama atasimama tena darasani kuongea. Zimebaki wiki tatu. Nyie wazazi na walimu mnaosoma hapa, nitukaneni mkitaka, lakini mnishauri pia. Nifanye nini?