Siku Niliyomwambia Mwanangu Twende Mnadani

Andika, mjukuu wangu, na usipambe. Baba yako mdogo, mwanangu wa mwisho, aliwajua ng'ombe kuliko mtu yeyote hapa Gendabi. Ndama akilegeza sikio moja tu, alisema, "Baba, huyu ana homa," nasi hatujaona kitu. Kesho yake ndama aligoma kunyonya.

Ndiyo maana nilishangaa, na mpaka leo nashangaa, kwamba hakujiona mwenyewe. Mwaka ule alizungushia miiba lambo la kunyweshea mifugo, akidai majirani wametia sumu. Ng'ombe walisimama nje ya miiba wakilia kwa kiu. Yeye aliacha kula, akawa anajibizana na watu tusiowaona. Nilipomwambia anaumwa, alinicheka.

"Nitazame, Baba. Nani mgonjwa hapa? Labda wewe uliyekunywa maji yale."

Nimelea watoto saba. Namjua mtoto anayeficha jambo. Huyu hakuficha. Hakuona.

Lambo lilikuwa la wote, na majirani walianza kushika fimbo. Nikaona wataniulia mtoto. Wanangu nimewachapa kwa uongo, lakini asubuhi ile niliusema mimi: "Vaa shuka safi, twende mnadani Katesh ukanichagulie mtamba."

Alifurahi. Garini alinieleza kwato na mgongo wa mtamba atakayemtafuta. Tulipoupita mnada akageuka kuutazama. Tuliposhuka hospitalini akautazama uwanja, akaniuliza polepole, "Baba, ng'ombe wako wapi?"

Nikawapungia mkono wauguzi.

Wauguzi wanne walimshika, akachomwa sindano huku akiniita. Daktari, binti mdogo, aliniamkia shikamoo, akanisomea karatasi ya kukubali alazwe neno kwa neno, maana mimi sikwenda shule. Nikatia dole gumba kwa niaba ya mwanangu, kisha nikamuuliza, "Huyu huona homa kwenye sikio la ndama. Mbona hii yake haioni?"

"Mzee, ndama humtazama kwa akili. Kujitazama nako ni kwa akili ileile, na hiyo ndiyo inayoumwa."

Jibu hilo nimelitafakari muda mrefu. Wakati mwingine najiuliza ni kipi ambacho mimi nami sikioni, na ni nani atakayeniambia nikamwamini.

Alirudi baada ya majuma kadhaa, akaing'oa miiba kwa mikono yake. Ila mimi hakunisemesha. Daktari alikuwa ameonya kwamba sindano ni ya kila mwezi, na akiikosa, yale mambo yatarudi. Nilijua uongo wa pili hautamfikisha hospitalini. Siku ilipofika nilimkuta akikamua.

"Leo ni hospitali, si mnadani," nikamwambia. "Siku ile nilikudanganya. Nilikukosea."

Alikamua mpaka ndoo ikajaa. "Mimi siumwi, Baba. Hata siku ile sikuumwa."

"Nimesikia."

"Na wewe ni mwongo."

"Siku ile, ndiyo."

Akanikabidhi ndoo, akaenda kunawa. "Tukitoka huko, tutapita mnadani kweli?"

"Tutapita."

Mtamba mwekundu tuliyemnunua siku hiyo ndiye ng'ombe unayemkamua wewe sasa. Baba yako mdogo bado husema haumwi. Na kila mwezi, siku ikifika, hunawa mikono akatangulia barabarani, mimi nikimfuata nyuma kwa mkongojo.